Shaba au alumini: rejeta inayowagawa wamiliki wa Datsun 240Z

*Na Mwandishi Wetu*

Katikati ya dashibodi ya Datsun 240Z kumepangwa geji tatu za duara zilizogeuzwa kidogo kumwelekea dereva, na mojawapo, inayoonyesha mambo mawili katika uso mmoja, yaani joto la maji ya injini na presha ya oili, ndiyo ambayo wamiliki wa gari hilo huitupia jicho mara nyingi zaidi pindi foleni inaposimama siku ya jua kali.

Mfumo wa kupoza injini ukiwa mzima, mshale wa joto hupanda hadi karibu na katikati ukakaa hapo. Ukiwa umechoka, mshale hupita hapo taratibu, hushuka gari likipata upepo, kisha siku moja hukataa kushuka, na chini ya pua ya gari huonekana doa la kijani au la rangi ya kutu, ilhali kwenye maungio ya rejeta kumeota ukoko mweupe, ushahidi kwamba maji yamekuwa yakipenya tone kwa tone kwa miezi mingi.

Kwa magari yaliyoundwa zaidi ya miaka 50 iliyopita hali hiyo si ajabu, kwa kuwa rejeta ni kifaa kinacholiwa na kazi yake yenyewe, na mmiliki anayeendelea kulitumia gari lake hufika siku ya kuing'oa. Linalobishaniwa ni rejeta ya aina gani iwekwe badala yake, na ndani yake kimiminwe kimiminika gani, maswali mawili ambayo wamiliki, mafundi na wakusanyaji wa magari ya kale hutofautiana juu yake kwa ukali ambao mtu wa nje hauelewi mpaka ajue thamani ya kinacholindwa.

Kutoka Japani hadi matope ya Safari

Kampuni ya Nissan ililizindua gari hilo Oktoba 1969, likiitwa Fairlady Z nchini Japani na Datsun 240Z katika masoko ya nje, na mtu aliyelipigania zaidi lifae barabara na wanunuzi wa Marekani alikuwa Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya kampuni hiyo huko na ambaye alifariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 105. Bei yake ya kuanzia nchini Marekani, dola 3,526, ililifanya gari la michezo, yaani gari la viti viwili lililoundwa kwa ajili ya wepesi na mwendo kuliko mizigo, lifikiwe na mtu wa kipato cha kawaida, na hadi uzalishaji wa 240Z ulipokoma mwaka 1973 zaidi ya magari 140,000 ya aina hiyo yalikuwa yameuzwa nchini humo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jina hilo si geni. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari mwaka 1971, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akishika nafasi ya pili katika 240Z nyingine, kisha mwaka 1973 Mehta mwenyewe akatwaa ushindi akiwa na Lofty Drews katika gari la aina hiyohiyo. Mbio hizo zilikuwa mtihani mkali hasa kwa rejeta, kwa sababu matope yanayorushwa kutoka barabarani hukauka juu ya uso wake na kuufungia upepo njia. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan katika hazina yake ya magari huko Zama, Japani.

Januari 2020, 240Z ya mwaka 1971 iliyokuwa imetembea kidogo na kubaki karibu kama ilivyotoka kiwandani iliuzwa kwa dola 310,000 katika mnada wa mtandaoni nchini Marekani, takriban mara 88 ya bei ya kuanzia ya gari hilo lilipokuwa jipya. Bei kama hiyo hailipwi kwa sababu ya mwendo, maana magari mengi ya leo ya bei ya chini yanalipita kwa kasi, bali hulipwa kwa sababu ya uhalisi, na ndiyo maana kubadilisha kifaa kimoja cha kupoza injini kumekuwa uamuzi wa fedha na wa historia kwa pamoja.

Kabla ya kuilaumu rejeta

Injini ya 240Z, inayotambuliwa kwa jina la L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimeta za ujazo 2,393, na kama ilivyo kwa injini yoyote ya petroli, sehemu kubwa ya nishati ya mafuta haigeuki kuwa mwendo. Takriban theluthi moja ya nishati hiyo huishia kwenye maji yanayozunguka ndani ya injini, na joto hilo lazima litolewe nje bila kukoma. Kazi hiyo hufanywa kwa ushirikiano wa pampu ya maji inayozungushwa na mkanda, themostati ambayo ni vali inayofunguka yenyewe maji yakifikia joto fulani, feni inayovuta upepo, na rejeta yenyewe, ambayo ni mkusanyiko wa mirija bapa iliyoshikana na mapezi ya bati jembamba sana ili joto la maji lihamie kwenye upepo unaopita katikati yake.

Sehemu hizo zinategemeana, na hapa ndipo wamiliki wengi hupoteza fedha. Gari linalochemsha, kama mafundi wanavyosema, likiwa limesimama kwenye foleni lakini likapoa likishika kasi, kwa kawaida linalalamikia uhaba wa upepo, yaani feni dhaifu, mkanda uliolegea au kukosekana kwa kava linaloilazimisha feni kuvuta upepo kupitia uso mzima wa rejeta. Lile linalochemsha likiwa kwenye mwendo wa kasi au likipanda mlima mrefu ndilo ambalo mara nyingi mirija ya rejeta yake imeziba kwa kutu na chokaa. Anayenunua rejeta mpya kabla ya kulitofautisha tatizo moja na jingine anaweza kulipa gharama kubwa na kurudi kwenye foleni ileile akiutazama mshale uleule.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa kwa sababu ya udogo na bei yake. Kile cha 240Z hubana mfumo hadi kilo 0.9 kwa kila sentimeta ya mraba, na kwa kubanwa hivyo maji matupu huchemka kwenye nyuzijoto 118 hivi badala ya 100, kwa hiyo kifuniko chenye mpira uliokufa huondoa ulinzi wa nyuzi 18 bila dereva kujua.

Kuhusu themostati, kiwanda kilitoa ya kufunguka kwenye nyuzi 82 kwa nchi za hali ya wastani na ya nyuzi 76.5 kwa nchi za joto, jambo linaloonyesha kwamba hata katika nchi za joto hakikukusudia injini ifanye kazi bila kifaa hicho. Tabia iliyozoeleka katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, ya kuing'oa themostati na kuitupa ili gari lisichemshe, huiacha injini ikiwa baridi kupita kiasi, petroli ikiungua vibaya, oili ikikusanya unyevu na kuta za silinda zikilika, ilhali kilichosababisha kuchemsha kimebaki palepale. Ni tabia inayostahili kuachwa, kwa magari ya kale na kwa magari ya kawaida pia.

Kinachohatarishwa hasa ni silinda hedi, yaani kipande cha juu cha injini kinachobeba vali. Bloku ya L24, ambayo ndiyo mwili wa injini, imetengenezwa kwa chuma cha kusubu, na hedi yake kwa alumini, metali mbili zisizotanuka sawa: kipande cha sentimeta 50 kikipandishwa joto kwa nyuzi 80 hurefuka kwa karibu milimita 0.9 kikiwa cha alumini, na chini ya nusu milimita kikiwa cha chuma cha kusubu. Tofauti hiyo hubebwa na gasketi, bamba jembamba linaloziba kati ya vipande hivyo viwili, na injini ikichemsha sana mara moja tu gasketi huweza kuungua na hedi kupinda, matengenezo ambayo gharama yake huizidi kwa mbali ile ya rejeta yoyote.

> *Injini ikichemsha sana mara moja tu, gasketi huweza kuungua na hedi kupinda.*

Wanaotetea shaba

Rejeta ambayo 240Z ilitoka nayo kiwandani ina tangi juu na tangi chini, maji yakishuka kutoka moja hadi jingine kupitia mirija ya shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, huku mapezi yakiwa ya shaba nyekundu na vyote vikiwa vimeunganishwa kwa lehemu ya risasi na bati. Wanaoitetea husema kwamba kifaa hicho hakipaswi kutupwa, kwa kuwa kinachochakaa ni kiini tu, yaani ile sehemu ya mirija na mapezi, na fundi stadi anaweza kuyayeyusha maungio, akayatoa matangi ya awali, akayasafisha na kuyalehemu upya juu ya kiini kipya, kisha akaipaka rejeta rangi nyeusi ikarudi kwenye gari ikiwa na sura ileile aliyoijua mnunuzi wa mwaka 1970.

Hoja yao inaungwa mkono na Hati ya Torino, iliyopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, ambayo inalitazama gari la kale kama sehemu ya urithi wa binadamu na kuhimiza kwamba liingiliwe kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na kwamba mabadiliko yanayolazimu yafanywe kwa namna ya kuweza kuondolewa baadaye bila kuacha jeraha.

Shaba pia ina fadhila ya kusamehe. Ikitoboka inazibwa kwa lehemu kando ya barabara, na katika miji ya Afrika Mashariki mafundi wa kuziba na kuzibua rejeta bado wapo, wakifungua tangi, wakipitisha chuma chembamba ndani ya kila mrija na kulifunga tena, ujuzi ambao katika nchi nyingi zilizoendelea umeanza kuwa adimu kadiri viwanda vilivyohamia kwenye alumini. Kupotea kwa ujuzi huo ni hasara kubwa kuliko kupotea kwa rejeta yenyewe, na kila mmiliki anayepeleka rejeta yake ikabadilishwe kiini husaidia karakana moja iendelee kufanya kazi.

Wanaotetea alumini

Upande wa pili huanza na swali la kisayansi ambalo jibu lake hupotosha kirahisi. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko alumini, kipimo chake kikiwa karibu wati 400 kwa kila mita na kila digrii dhidi ya wati 237 za alumini safi, na kwa tarakimu hizo ingeonekana kwamba mjadala umekwisha. Hata hivyo joto ndani ya rejeta ya kale halipiti kwenye shaba nyekundu peke yake, maana lazima livuke mrija wa shaba nyeupe na utando wa lehemu, na vitu hivyo viwili hupitisha joto kidogo kuliko hata alumini.

Isitoshe, uzito wa alumini ni chini ya theluthi moja ya ule wa shaba kwa ujazo uleule, na nguvu yake humwezesha mtengenezaji kuunda mirija mipana zaidi yenye mguso mkubwa na mapezi, ndiyo maana rejeta ya alumini yenye safu mbili za mirija mipana huweza kushindana na ya shaba yenye safu tatu za mirija myembamba. Wamiliki waliokwisha kuongeza nguvu za injini zao, na wale wanaoyatumia magari hayo katika mbio za magari ya kale, ambako joto na vumbi havimwonei mtu huruma, huiona rejeta ya alumini kuwa bima na si pambo.

Udhaifu wake uko kwingine. Ufa kwenye alumini hauzibwi kwa lehemu ya kawaida bali huhitaji mtambo na mkono maalumu, rejeta nyingi za bei ya chini huuzwa zikiwa na matundu ya bolti yasiyolingana na ya gari, na metali hiyo huliwa kwa haraka na umeme uliopotea njia, yaani mkondo mdogo unaopitia kwenye maji ya kupoza kwa sababu waya wa ardhi wa injini au wa feni ya umeme haukufungwa vizuri.

Katika mzozo huu uamuzi wa haki unategemea gari lililopo mbele ya fundi. Gari lililobaki na rejeta yake ya kwanza linastahili kubadilishiwa kiini na kuachwa na matangi yake, hata kama gharama ni kubwa, kwa kuwa kitu hicho kikishatupwa hakiumbiki tena. Gari lililokwisha kubadilishwa mara nyingi na linalotumika kila wiki halikosewi heshima kwa kufungwa alumini, ilimradi rejeta hiyo ishike kwenye matundu yaleyale manne bila kukata wala kutoboa bodi. Lakini pande zote mbili zinazungumza mno kuhusu metali na kidogo mno kuhusu kimiminika, na makosa yanayoua injini hutokea zaidi kwenye kimiminika.

Kinachomiminwa ndani

Maji matupu hubeba joto kuliko kimiminika kingine chochote cha kawaida cha kupoza injini, na mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethilini glaikoli, ambayo ni kemikali nzito na tamu inayozuia maji kuganda, hubeba pungufu kwa karibu moja ya tano. Faida ya mchanganyiko huo, unaoitwa kulanti, ni kwamba hugandia kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri na kuchemka nyuzi kadhaa juu ya 100 hata bila kubanwa, jambo ambalo ni la lazima kwenye baridi kali ya Hokkaido, Japani, au Minnesota, Marekani, ila mmiliki wa Mombasa au Dar es Salaam aweza kujiuliza analipia nini mahali ambapo maji hayagandi kamwe.

Analipia sehemu ndogo ya kulanti isiyoonekana, yaani viungo vya kuzuia kutu. Ndani ya L24 maji yaleyale hugusa chuma, alumini, shaba nyekundu, shaba nyeupe na risasi, na metali tofauti zikiloweshwa katika maji yenye chumvi huwa kama betri, ile dhaifu ikiliwa ili nyingine ipone, na katika injini hii inayoliwa kwanza ni alumini ya hedi. Maji ya bomba huongeza kalsiamu na magnesi zinazojenga ganda la chokaa ndani ya mirija, kwa hiyo maji yanayofaa ni yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri yasiyo na asidi, na pasipo na baridi mmiliki anaweza kupunguza glaikoli, lakini hawezi kupunguza viungo vya kuzuia kutu.

Hapa unazuka mgawanyiko mwingine. Kulanti ya mtindo wa zamani hutumia silikati, chumvi zinazoweka utando wa kinga juu ya alumini kwa haraka, lakini huisha nguvu baada ya takriban miaka miwili. Kulanti mpya zinazotumia asidi za kikaboni hudumu miaka mitano au zaidi, ila ziliundwa kwa injini na rejeta za kisasa zisizo na lehemu ya risasi wala sili za zamani, yaani vizibo vya kuzuia uvujaji. Shirikisho la vilabu vya magari ya kihistoria la Uingereza limewatahadharisha wanachama wake dhidi ya kutumia kulanti hizo mpya katika magari ya kale, kwa sababu ya taarifa za sili kuharibika na kuvuja, na kwa 240Z yenye rejeta ya shaba tahadhari hiyo inafaa kufuatwa bila kusitasita.

Rangi haisaidii kuamua. Kijani, nyekundu, buluu na waridi ni rangi zilizotiwa na mtengenezaji apendavyo, na hakuna kanuni ya dunia nzima inayozifunga na aina ya kemikali, kwa hiyo maandishi ya kwenye dumu ndiyo ya kusomwa, na aina mbili zisichanganywe, kwa kuwa baadhi zikikutana hupoteza kinga yake au huganda kuwa ujiuji unaoziba mirija.

> *Rangi ya kulanti haimwambii mtu chochote kuhusu kemikali iliyomo.*

Wapo pia wanaouza kimiminika kisicho na maji kabisa, kinachochemka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 180 na kisichojenga presha kubwa. Sifa hizo ni za kweli, lakini kimiminika hicho hubeba joto kidogo kuliko kulanti ya kawaida, ni kizito zaidi kwa pampu, ni ghali, na hudai kila tone la maji liondolewe kwanza.

Sumu yenye utamu

Jambo moja halina pande mbili. Ethilini glaikoli ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto, mbwa na paka kuilamba ilipomwagika, ambapo mwili huigeuza kuwa asidi na hatimaye vijiwe vya kalsiamu oksaleti vinavyoharibu figo. Kiasi cha mililita 100 hivi chaweza kumuua mtu mzima, na kwa mnyama mdogo vijiko vichache vyatosha. Aliyekunywa apelekwe hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, maana dawa za kuizuia hufanya kazi vizuri zaidi kabla mwili haujaigeuza.

Nchini Marekani majimbo ya Oregon na California yalitangulia kuamuru kulanti itiwe kitu kichungu sana kiitwacho denatoniamu benzoeti, na mwishoni mwa 2012 watengenezaji wakakubaliana kuifanya hivyo nchi nzima, lakini uchungu huo hauondoi sumu. Kulanti iliyotoka kwenye rejeta ya kale hubeba pia risasi ya lehemu, hivyo haimwagwi mtaroni wala shambani, bali hukingwa kwenye beseni, hutiwa kwenye dumu lenye kifuniko na maandishi, na kupelekwa kwa wanaopokea taka za mafuta na kemikali.

Kung'oa na kufunga

Kazi yenyewe haihitaji karakana kubwa, lakini huanza injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa presha ikiwa bado imo, maji yaliyozidi nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kuunguza uso na mikono. Swichi ya hita, yaani kipasha joto cha ndani ya gari, husogezwa hadi mwisho wa joto ili maji yaliyomo humo nayo yatoke, kisha koki ya chini ya rejeta hufunguliwa, na baada yake plagi ya kumwagia iliyo ubavuni mwa bloku, ambayo mafundi wengi huiruka na hivyo kuacha lita kadhaa za uchafu ndani ya injini.

Mipira ya juu na ya chini, inayopitisha maji kati ya rejeta na injini, isizungushwe kwa nguvu ikiwa imegandamana, maana shingo za shaba nyeupe ni laini na hupinda; ni bora kuipasua kwa kisu kwa urefu, kwa kuwa itabadilishwa vyovyote iwavyo. Gari lenye gia za otomatiki lina mirija miwili zaidi ya kupoza oili ya giaboksi, nayo hufunguliwa na kuzibwa. Kipande cha boksi huwekwa kati ya feni na rejeta ili mapezi yasikwaruzwe, bolti nne hutolewa, na rejeta huinuliwa wima.

Nafasi iliyobaki wazi ni fursa isiyopaswa kupotezwa. Pampu huchunguzwa kama ina mchezo kwenye shafti, mkanda hubadilishwa, themostati mpya huwekwa pamoja na gasketi yake, na bloku husafishwa kwa maji yanayoelekezwa kinyume cha mkondo wake wa kawaida hadi yatoke meupe. Anayefunga rejeta mpya katikati ya mipira, kifuniko na themostati za zamani ameifanyia kazi kubwa nusu tu ya mfumo.

Hewa iliyojificha

Kujaza ndiko kunakodai subira kuliko hatua nyingine zote. Mfumo wa 240Z huchukua kati ya lita 8 na 10, na kwa kuwa baada ya kusafisha maji kiasi hubaki ndani ya bloku na hita, kumimina kulanti iliyokwisha kuchanganywa huishia kuwa na mchanganyiko dhaifu kuliko uliokusudiwa. Njia ya uhakika ni kumimina kwanza kulanti isiyochanganywa kiasi cha nusu ya ujazo wote unaotajwa na kitabu cha gari, kisha kumalizia kwa maji yaliyotoneshwa, na kuupima mchanganyiko kwa kipimo chake baada ya gari kuzunguka.

Hewa hupenda kubaki mahali pa juu, na katika gari hili mahali hapo ni hedi na hita, si rejeta. Povu la hewa likikaa juu ya chumba cha silinda, alumini ya hapo haiguswi na maji na hupata joto kali, ilhali geji yaweza kuonyesha hali njema kwa kuwa kipimo chake kinahitaji kuzamishwa majini ili kiseme kweli. Ndiyo maana pua ya gari huinuliwa ili mdomo wa rejeta uwe juu ya sehemu nyingine zote, hita huachwa wazi, na kulanti humiminwa polepole huku mpira wa juu ukiminywa kwa mkono ili viputo vitoke.

Injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi na kuachwa ikiunguruma taratibu. Kwa dakika kadhaa mpira wa juu hubaki baridi, kisha ghafla huwa wa moto, dalili kwamba themostati imefunguka, na hapo kiwango cha kulanti hushuka kwa mkupuo mmoja na kuongezwa tena hadi viputo viishe. Kifuniko hufungwa, gari huendeshwa mwendo mfupi likiwa linatazamwa, huachwa lipoe usiku kucha, na asubuhi kiwango hukaguliwa upya, kwa kuwa karibu kila mara hupungua kidogo hewa ya mwisho inapotoka.

Tarehe ya kujazwa na aina ya kulanti huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, ili miaka miwili ikipita mtu yeyote atakayekuwa analishughulikia gari ajue. Rejeta ya zamani, ikiwa imekaushwa na midomo yake kuzibwa ili unyevu na wadudu wasiingie, hufungwa kwa gunia na kuwekwa rafuni pamoja na bolti zake nne.